Homoni ya Giza na Maumivu ya Kichwa

Yako maumivu makali ya kichwa yajayo kwa vipindi: kwa majuma kadhaa humwamsha mgonjwa usiku, aghalabu saa ile ile, yakimchoma nyuma ya jicho moja, kisha hutoweka kwa miezi. Ukawaida huo uliwaelekeza wataalamu kwenye melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa gizani.

Nchini Italia, mwaka 1996, wagonjwa 10 walipewa miligramu 10 kila jioni; wengine 10, vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la kwanza watano walipata nafuu. Katika la pili, hakuna. Waumwao mwaka mzima hawakufaidika.

Kuiita tiba ni kuharakisha. Kuipuuza ni kuwadhulumu wasiolala. Watu 20 wanadai jaribio kubwa zaidi, si tangazo la dukani. Wala mgonjwa asiiache oksijeni, ambayo huwatuliza wengi kwa dakika 15.