Kipini: Kibao cha kumbukumbu si anasa

MAMBO mawili husemwa mno kuhusu Kipini, mji mdogo ulioko pale Mto Tana unapoingia katika Bahari ya Hindi. La kwanza ni kwamba bahari inaula mji. La pili ni kwamba hapo ndipo alipozikwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili humjua.

Mambo haya yanahusiana. Ufuo unapomomonyoka, ardhi haiondoki peke yake, bali huondoka na makaburi, misingi ya nyumba na visima vya kale. Penye mabaki ya kale, kinachomwambia mpita njia kwamba haoni mawe matupu mara nyingi ni kitu kidogo tu: kibao cha kumbukumbu. Na katika hesabu za serikali, kitu kidogo namna hiyo hakina mtetezi.

Ni vyema kwanza tukumbushane ni historia ipi inayozungumziwa. Mwendo mfupi kaskazini mashariki mwa Kipini yapo magofu ya Ungwana, mji wa mawe uliostawi karne nyingi zilizopita na kuwa na msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi ya fahari. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1966. Jina lake limebaki katika ramani, kwani ghuba ambayo Wazungu waliiita Formosa leo ni Ghuba ya Ungwana.

Historia ya karibu zaidi nayo ilipita hapo. Usultani wa Witu, ulioko bara kidogo, ulikuwa chini ya himaya ya Wajerumani kuanzia 1885 hadi mkataba wa Julai 1890 ulipouweka mikononi mwa Waingereza. Oktoba mwaka huo huo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, wanajeshi wa Admirali Edmund Fremantle walishuka Kipini na kwenda kuuchoma mji wa Sultani Fumo Bakari. Baadaye Kipini ikawa makao ya utawala wa wilaya enzi za ukoloni, kabla ya hadhi hiyo kuhamia Hola.

Je, historia hii inalindwa kwa fedha gani?

Juni 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto aliuondoa Mswada wa Fedha. Pengo la Sh346 bilioni likabaki. Mwezi uliofuata Rais alitangaza kwamba Sh177 bilioni zitapunguzwa katika matumizi ya serikali na zilizosalia zitakopwa.

Tangazo la namna hiyo likishatolewa, kuna utaratibu wake. Mishahara haiguswi kwa urahisi. Madeni lazima yalipwe. Kinachobaki ni fedha za maendeleo na za ukarabati: rangi, paa, ua, mlinzi wa magofu, kibao. Hakuna anayeandamana kwa kuwa kibao kimefutika maandishi, na hakuna mbunge anayepoteza kiti kwa sababu hiyo. Ndiyo maana fungu la aina hii hupunguzwa bila kelele.

Linganisha hali hiyo na habari njema za Julai hiyo hiyo. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikikutana New Delhi, iliuorodhesha mji wa kale wa Gedi, katika Kaunti ya Kilifi, kuwa urithi wa dunia. Aliyeongoza uchimbaji wa Gedi kuanzia 1948 ni Kirkman yule yule wa Ungwana. Miji miwili ya mawe, mtafiti mmoja, pwani moja. Hata hivyo, Gedi iko karibu na hoteli za Watamu na hupata wageni wanaolipa kiingilio. Ungwana iko mbali na barabara kuu iendayo Lamu. Fedha hufuata mahali penye fedha, na umma unapopunguza mchango wake, pengo kati ya pacha hawa huzidi kupanuka.

Tatizo la pili ni la kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa Serikali ya Kitaifa jukumu la makumbusho ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti shughuli za kitamaduni na makavazi. Kwa Ngome ya Yesu mjini Mombasa hakuna utata. Lakini kaburi linalohusishwa na Liyongo, au nyumba ya utawala wa kikoloni ufuoni, ni la nani? Hola inaweza kusema ni la Nairobi, na Nairobi ikasema ni la Hola. Katika nyakati za ukwasi utata huu huvumilika. Katika nyakati za uhaba, kila upande hupata kisingizio cha kutotenga hata shilingi.

Kuna watakaosema kwamba hoja hii ni ya wenye shibe. Wakazi wa delta ya Tana walikumbwa na mafuriko mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024. Wanahitaji zahanati, maji safi na kuta za kuzuia bahari. Kibao cha nini?

Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli kwamba kibao hakizuii wimbi. Lakini kibao na zahanati havigombei fungu moja, na gharama ya kibao haiwezi kujenga hata chumba kimoja cha zahanati. Isitoshe, mahali pasipotambuliwa rasmi hapana hoja ya kuombea ukuta wa bahari, wala ya kumzuia anayetaka kuchukua mawe ya magofu akajengee. Utambulisho ndio mwanzo wa madai yote.

Hata mataifa tajiri yamepitia mtihani huu. London ina mpango wa vibao vya buluu ulioanza 1866. Januari 2013, baada ya ruzuku ya serikali kupunguzwa kwa zaidi ya asilimia 30, shirika la English Heritage lilisitisha kupokea mapendekezo mapya, na mpango ukafunguliwa tena mwaka 2014 kwa misaada ya watu binafsi. Miongoni mwa vibao hivyo kimo cha Mzee Jomo Kenyatta, katika mtaa wa Pimlico alikoishi miaka ya 1930. Ni jambo la kufikirisha kwamba mpita njia wa London anaweza kusoma ukutani alipoishi rais wetu wa kwanza, ilhali sisi tunajadili kama magofu yetu yanastahili fungu la bajeti.

London inatufunza jambo jingine pia. Kibao cha kwanza kabisa, cha mshairi Byron, kiliwekwa 1867, na nyumba yenyewe ikabomolewa 1889. Kibao bila ulinzi wa sheria ni tangazo la msiba unaokuja. Kwa hivyo vibao vinapaswa kwenda sambamba na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kama Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inavyoruhusu.

Pia kuna suala la nani atakayeandika. Mwaka 2012 mapigano katika delta yaliua zaidi ya watu 100, na eneo la Kilelengwani, jirani na Kipini, lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika. Katika mazingira hayo, sentensi moja juu ya jiwe inaweza kusomwa kama hati ya kumiliki ardhi. Liyongo husifiwa na Waswahili, lakini masimulizi ya Wapokomo nayo yanamtaja, na si kila mara kwa sifa. Maneno ya kibao yajadiliwe na wazee wa jamii zote, na yaandikwe kwa lugha wanazozisoma. Mjadala wenyewe una faida kuliko chuma kitakachochongwa.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inazitaka kaunti kuwasilisha makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kushirikishwa. Wakazi wa wadi za Kipini Mashariki na Kipini Magharibi wanaweza kudai fungu dogo lenye jina lake, lisilofichwa ndani ya kapu la utalii na utamaduni ambamo hufyekwa bila mtu kujua. Nazo serikali mbili ziandikiane mkataba wa nani analipia nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipini ufa umeshafika ufuoni, na kila msimu wa kusi una chake inachokichukua. Mawe yakishaingia baharini hakuna bajeti ya nyongeza itakayoyarudisha, na hapo hata kibao kitakosa mahali pa kusimama.