USIUZE PAMPU YA OILI KWA PICHA YA DASHIBODI

Wadau tunaouza spea mtandaoni, leo nitawaudhi kidogo. Mteja anatuma picha, mshale wa oili uko chini, anauliza "boss, pampu bei gani?" Wengi wetu tunataja bei fasta. Kwangu mimi huko ni kucheza kamari na hela ya mtu.

Geji iliyokuja na gari ni ya kumshtua dereva, usiitegemee kama kipimo. Chukua pikapu za Ford za Marekani, zile za dizeli zenye injini ya Power Stroke lita 7.3. Mshale upo, ila nyuma yake kuna swichi tu. Presha ikivuka kama psi 6 au 7, mshale unakaa katikati. Iwe 15 au 50, unabaki palepale! Dereva anaona mambo poa, kumbe beringi zinakula chuma.

Hata geji yenye sensa ya kweli inadanganya: sensa imechoka, waya una kutu, au earth mbovu. Pia oili ikiwa baridi presha inakuwa juu, injini ikichemka inashuka. Hiyo ni kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, mwambie fundi wake afungue sensa, afunge geji ya mrija palepale, asome injini ikiwa imechemka, kisha alinganishe na kitabu cha gari hilo. Presha ikiwa sawa, muuzie sensa au arekebishe waya. Ikiwa chini kweli, azime injini hapohapo, ndiyo muongee pampu na beringi.

Na wewe unayeuza geji, andika kwenye tangazo aina ya nyuzi. 1/8 NPT ina nyuzi 27 kwa inchi, 1/8 BSPT ina 28. Kwa macho ni mapacha, ukilazimisha inavuja. Kama ni ya umeme, taja volti 12 au 24, na ohm ziendane na sensa.

Najua utasema, "nikimwambia akapime, ataenda kununua kwa mwingine." Sawa, aende. Huyo mwingine atamfungia pampu mpya na mshale utabaki chini vilevile. Hapo atakukumbuka nani alimwambia ukweli. Sensa ina faida ndogo kuliko pampu, lakini mteja wa sensa anarudi, na anakuja na madereva wenzake.