Maoni: Kahawa tamu ya barafu ni keki ya kunywa, iitwe kwa jina lake

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, picha za namna hii huingia kwenye simu kutoka Marekani: mtoto wa nyumba ameshika glasi kubwa ya plastiki, ndani kuna kinywaji cha rangi ya udongo, juu yake krimu nyeupe na karameli inayotiririka. Chini ameandika: « Ninakunywa kahawa. » Mama anafurahi. Kahawa anaijua, amekua akiichuma. Lakini kilicho ndani ya glasi ile ni kitu kingine kabisa, na ni vizuri mama na mtoto wote wawili wakijue.

Kinywaji hicho kinajulikana zaidi kwa jina la Frappuccino. Jina lilianzia katika maduka ya Coffee Connection, upande wa Boston. Kampuni ya Starbucks ilinunua maduka hayo mwaka wa 1994, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza Frappuccino yake. Leo maduka mengine mengi yana vinywaji vinavyofanana nayo. Matengenezo ni yale yale: barafu, maziwa, kahawa kidogo na siro tamu, vyote vinasagwa pamoja katika mashine, kisha juu inawekwa krimu.

Hesabu yake si siri. Tangu mwezi wa tano mwaka wa 2018, sheria ya Marekani inalazimisha makampuni yenye maduka 20 au zaidi kuandika kalori kwenye orodha ya bei. Glasi ya kadiri ya Frappuccino ya karameli, karibu nusu lita, ina kalori karibu 380 na sukari zaidi ya gramu 50. Hivyo ni vijiko vya chai 12 au 13. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina gramu karibu 35. Kwa hiyo glasi moja inapita chupa moja na nusu ya sukre, lakini mwenye kuinywa anaamini amekunywa kahawa.

Shirika la afya duniani, OMS, lilitoa mashauri yake mwaka wa 2015: sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingefaa zaidi ishuke hadi gramu 25. Ni kweli, sehemu ya sukari ya glasi ile ni ya maziwa yenyewe, nayo haihesabiwi. Hata hivyo, inayobaki inakaribia kiasi cha siku nzima, kabla mtu hajagusa mkate wala chai.

Kahawa yenyewe haina kosa. Kikombe cha kahawa nyeusi kina kalori chache sana, hazifiki 10. Kinachobadilisha mambo ni ubaridi. Kitu baridi kinapunguza nguvu ya utamu mdomoni, kwa hiyo mtengenezaji anaongeza sukari ili utamu usikike. Tena, kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna. Mtu anamaliza glasi, na baada ya saa moja anatafuta chakula kama kawaida.

Wanaotetea vinywaji hivyo wana jibu: maduka yanaruhusu kila mtu kutengenezewa glasi anavyotaka. Ni kweli, na hapo ndipo kuna faida ya kweli, lakini ni kwa anayejua pa kugusa. Wengi wanabadilisha maziwa tu. Wanaomba yasiyo na mafuta na kuondoka na roho nyeupe. Kumbe wamepunguza mafuta, sukari imebaki pale pale. Wengine wanaomba maziwa ya soya au ya nazi bila kuuliza kama yamekwisha kutiwa sukari.

Cha kwanza cha kugusa ni ukubwa: glasi ndogo inapunguza kila kitu mara moja. Cha pili ni siro: mteja ana haki ya kuomba nusu ya kipimo. Cha tatu ni krimu na karameli ya juu; krimu pekee inaweza kuleta kiasi cha kalori 100. Lakini sukari yote haiondoki, sababu katika kinywaji cha kusagwa siro tamu ndiyo inayosaidia barafu na maziwa vishikane. Asiyetaka sukari kabisa aagize kahawa ya kawaida iliyomiminwa juu ya barafu, na maziwa kidogo.

Kuna wanaosema: starehe si dhambi. Hawakosei. Kijana anayefanya kazi usiku kwenye ghala, mbali na kwao, ana haki ya kitu kitamu. Keki ya siku ya kuzaliwa haiui mtu. Shida ni keki ya kila asubuhi. Kwa miaka kadhaa Wakongo walikuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wamekimbia vita na njaa. Ingekuwa uchungu wapatwe na ugonjwa wa sukari kwa sababu ya zoezi lililoingia bila kuulizwa.

Na zoezi hilo halibaki ng'ambo. Vijana wa huku wanaiga kwa mikseri ya nyumbani na maziwa mazito ya kopo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Huku ugonjwa wa sukari ni mzito zaidi: insulini inataka ubaridi, na umeme unakatika, dawa ni za kununua, na mfuko ni mtupu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kivu haikosi kahawa ya kunywa bila kufichwa. Arabika ya Minova na Kalehe inakomaa kwenye milima, karibu na ziwa. Kuna wakati wakulima walivuka ziwa hilo usiku kwa mitumbwi ili wakaiuze Rwanda, na wengine walikufa maji. Baadaye Starbucks yenyewe iliinunua, ikaiuza kwa jina la Ziwa Kivu kati ya kahawa zake za pekee. Haikuhitaji karameli ili isifiwe.

Nyumbani, dawa ni rahisi. Kahawa ya Kivu ichemshwe, ipoe, iongezwe maziwa, barafu kama ipo, na kijiko kimoja cha sukari. Anayependa uzito asage na kipande cha ndizi mbivu. Siku ya sherehe, glasi ya krimu na karameli inyweke bila aibu, mradi kila mtu aliye mezani ajue kwamba anakula keki.

Na picha ikiingia tena kwenye simu, mama asigombane na mtoto. Amuulize tu: « Mwanangu, umetia vijiko vingapi? »