Sado ya maharage isigeuzwe kosa

Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda aina mpya za mimea, Novemba 2015, miaka mitatu baada ya kutunga Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu ya 2012. Mgunduzi akithibitisha kwamba aina yake ni mpya, inatofautiana na nyingine, mimea yake inafanana na haibadiliki kizazi hadi kizazi, haki ya kuizalisha na kuiuza ni yake kwa miaka 20. Kwa miti na mizabibu ni 25. Haki hiyo naiunga mkono. Ninachopinga ni kuyapima mahindi na maharage kwa kibaba kimoja, wakati Mbeya na Iringa wanaishi kwa yote mawili na mbegu zake zina tabia tofauti.

Mahindi chotara yanajilinda yenyewe. Mkulima wa Mufindi akirudia kupanda punje alizovuna kwenye UH6303, shamba linatoka mengine marefu, mengine mafupi, na mavuno yanashuka. Msimu ujao atarudi mwenyewe kwenye duka la pembejeo. Maharage hujichavusha: Uyole 96 au Njano Uyole ikipandwa, inavunwa ileile. Ndiyo maana mama wa Rungwe, akishapiga maharage, huchambua punje nono zisizo na madoa, akazichanganya na majivu na kuzifungia kwenye galoni hadi mvua zije. Jirani aliyeishiwa humpimia sado moja, atairudisha akivuna. Mkataba wa UPOV wa 1991 unairuhusu nchi kumwachia mkulima apande tena, ndani ya mipaka, alichovuna shambani mwake. Ile sado ya jirani haimo katika ruhusa hiyo. Mbegu za asili haziguswi, kwa kuwa si mpya. Lakini hata aina za kituo cha utafiti cha Uyole zimefika vijijini kwa sado hizohizo, na kufika huko ndiko watafiti walikotaka.

Wapo wanaosema mtafiti asipolipwa hatagundua. Ni kweli, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Uyole inahitaji fedha. Basi alipe mrabaha anayefungasha mbegu na kuiuza kwa nembo, na anayejaza maharage ya sokoni kwenye mfuko wenye jina la Uyole ashtakiwe bila huruma. India, kwa sheria yake ya 2001, inamruhusu mkulima kutunza, kubadilishana na hata kuuza mbegu ya aina iliyolindwa, ilimradi asiiuze kwa nembo. Hoja nzito zaidi ni ya magonjwa, hasa kwenye viazi, maana mnyauko bakteria hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Hofu hiyo naiheshimu kabisa. Dawa yake ni ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003, na mfumo wa mbegu za kuazimiwa ubora ambao tayari upo. Umiliki wa mgunduzi hauui bakteria. Kwa hiyo Wizara ya Kilimo iandike waziwazi kwenye kanuni kwamba mkulima mdogo anayempa, kumkopesha au kumuuzia jirani maharage ya mbegu yasiyo na nembo hajavunja haki ya mtu, na iandike hivyo kabla mkulima wa kwanza hajafikishwa mahakamani.