Mnunuzi wa Nyumba Kongwe Akague Kuta Kabla ya Mlango

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wosia huo ungali na maana, ila hawakusema kila ufa uzibwe kwa saruji. Katika miji ya kale ya Lamu na Mombasa, nyumba za mawe zilizostahimili karne nzima na zaidi huharibiwa na wanunuzi wenye nia njema na pesa za kutosha, wasiojua walichonunua.

Mnunuzi wa aina hii huvutiwa kwanza na mlango wa nakshi, kisha na zidaka zilizopangwa ukutani. Sikatai kwamba zinapendeza. Hata hivyo, nyumba haishikiliwi na mlango. Kwa maoni yangu, la kwanza kutazamwa ni upana wa vyumba. Vyumba hivyo ni virefu lakini vyembamba. Aghalabu upana wake haufiki mita 3. Wengi hudhani kuwa mjenzi wa zamani alibana nafasi. Sivyo. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu ambao boriti huweza kubeba mawe na chokaa bila kupinda ndio ulioamua upana wa chumba. Basi kuta za ndani nazo zimebeba mzigo. Anayebomoa mmoja ili apate sebule pana huwa amekikata miguu chumba cha juu.

Pili ni kuta zenyewe. Zina unene wa karibu nusu mita, nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Jiwe hilo lina vitundu na hufyonza unyevu wa ardhini. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke polepole, saruji huuzuia. Unyevu uliofungiwa hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na hatimaye lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana ukuta uliopigwa saruji juzi na kung'arishwa kwa rangi hunitia shaka kuliko ule wa chokaa iliyochakaa. Uliochakaa hauna cha kuficha.

Tatu, zichunguzwe ncha za boriti zinapoingia ukutani. Boriti huweza kuwa imara katikati ilhali ncha zake zimeozeshwa na unyevu au kuliwa na mchwa. Doa la maji chini ya choo cha ghorofani latosha kumfanya mnunuzi amwite fundi kabla ya kumwita wakili.

Wakili naye ana kazi yake. Wikio, yaani chumba kinachovuka kichochoro na kuegemea nyumba mbili, humfanya mnunuzi awe mshirika wa jirani: ukuta wa mwenziwe ukitetereka, chumba chake pia hutetereka. Mkataba na useme wazi ukuta upi ni wa nani.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi hulinda majengo yaliyotangazwa rasmi. Wapo wanaolalamika kwamba vibali huchelewesha kazi na kwamba ukarabati wa chokaa ni ghali. Malalamiko hayo yana uzito, kwani si haki mwenye nyumba maskini abebe peke yake gharama ya turathi ya taifa zima. Lakini saruji si nafuu ikiwa baada ya miaka michache ukuta utahitaji kujengwa upya.

Ninawageukia walimu na wanafunzi. Tumezoea kusifu nyumba hizi kuwa fahari ya Pwani bila kueleza zinasimamaje. Mwalimu wa fizikia anaweza kufundisha mzigo na mhimili kwa boriti moja tu. Mwenzake wa kemia anaweza kuonyesha jinsi tumbawe linavyochomwa likawa chokaa, chokaa ikazimuliwa kwa maji, kisha ikavuta hewa na kurejea kuwa ngumu kama jiwe. Vyuo vya ufundi navyo vifundishe uashi huo kwa vitendo. Bila vijana wa kuurithi, sheria italinda nyumba ambazo hapana ajuaye kuzitengeneza.