Usitie Dole Gumba Kabla Mfupa Haujaunga

Tahadhari hii ni kwa kila aliyegongwa na gari, aliyekuwamo ndani ya basi lililopinduka au aliyeangushwa na bodaboda, na zaidi kwa ndugu wanaomuuguza. Karatasi mtakayoletewa wodini siku za mwanzo inaweza kuwagharimu kuliko ajali yenyewe. Msiisaini. Msitie dole gumba.

Karatasi hiyo huletwa na watu wapole. Anaweza kuja tajiri wa gari, dereva akiongozana na mzee wa kwao, au mtu anayejitambulisha kuwa ametumwa na kampuni ya bima. Watatoa pole, wataulizia hali ya mgonjwa, kisha itatoka bahasha ikiambatana na hati ya kumaliza madai. Humo ndani, mara nyingi kuelekea mwishoni, imeandikwa kwamba mgonjwa amepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena chochote kwa dereva, mwenye gari wala kampuni ya bima. Mtu mzima mwenye akili timamu akishasaini kwa hiari yake, huo ni mkataba. Anayetaka kuutengua itabidi athibitishe kwamba alidanganywa, alitishwa au alirubuniwa, na hiyo ni kesi nyingine yenye gharama zake.

Haraka yao ina sababu. Wiki ya kwanza hakuna ajuaye ukubwa wa jeraha, hata daktari. Mfupa wa paja huchukua miezi kuunga, na wakati mwingine unakataa, mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji. Chuma kilichowekwa leo huenda kikahitaji kutolewa baadaye, kwa gharama mpya. Aliyegonga kichwa anaweza kutembea na kuzungumza vizuri, kisha damu ikavuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikajitokeza baada ya wiki kadhaa. Kiwango cha ulemavu wa kudumu hupimwa baada ya matibabu kufika mahali ambapo nafuu zaidi haitarajiwi. Kabla ya hapo, kiasi chochote kinachotajwa kuwa cha mwisho ni cha kubahatisha, na hasara ya kubahatisha huko itamwangukia mgonjwa.

Chukua mfano wa fundi uashi anayepata shilingi 20,000 kwa siku na kufanya kazi siku 25 kwa mwezi. Amevunjika mguu, na daktari anamwambia atakaa nje ya kazi miezi 6. Kipato peke yake kilichopotea ni shilingi 3,000,000. Akiletewa bahasha ya 1,500,000, amelipwa nusu ya siku zake za kazi, na bado hajagusa bili ya hospitali, dawa, nauli za kliniki, ndugu aliyeacha biashara ili amhudumie, upasuaji wa pili, maumivu, wala uwezekano kwamba hatapanda jukwaa la ujenzi tena. Bahasha ile inaonekana nzito kwa sababu siku hiyo nyumbani hakuna hata senti.

Msidai fidia kama mnaoomba msaada. Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha gari linalotumika barabarani liwe na bima ya madhara litakayowasababishia watu wengine. Hata ile watu wanayoiita bima ndogo ipo kwa ajili hiyo hasa. Kwa hiyo mnapodai fidia mnadai kitu ambacho sheria ilishakiona mapema, na mwenye gari alishalipia.

Hatari ya pili iko kituo cha polisi. Mtaambiwa yamalizeni kindugu, kesi itawasumbua. Mkikubali na jalada lisifunguliwe, mmepoteza ushahidi ambao hautapatikana tena kwa urahisi. Hakikisheni ajali imeandikwa, mmepewa fomu ya polisi ya PF3 na daktari ameijaza, na baadaye fuatilieni taarifa ya polisi ya ajali, PF90, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa gari, PF93. Dereva akitiwa hatiani kwa kosa la barabarani na hukumu ikawa ya mwisho, itawasaidia sana katika madai. Lakini eleweni tofauti: faini anayolipa dereva inaingia serikalini, haiingii mfukoni mwa majeruhi. Fidia ni dai jingine, na lazima mlidai wenyewe.

Siku ileile ya ajali, mwenye simu apige picha za namba ya gari, mahali ajali ilipotokea, alama za breki na majeraha. Chukueni majina na simu za mashuhuda. Kwa kutumia namba ya gari, hakikini kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama bima yake ni hai na ni ya kampuni gani. Tunzeni kila risiti, hata ya bandeji na bajaji. Gharama mlizotumia zinatakiwa kuthibitishwa moja baada ya nyingine, na mahakama zetu hazitoi fidia ya hasara ya namna hiyo kwa kukadiria tu. Asiye na hati ya mshahara aandae daftari lake la mauzo, miamala ya simu au barua ya anayempa kazi.

Pesa ya matibabu ikitolewa, msiikatae. Mgonjwa anahitaji dawa leo. Lakini karatasi iseme wazi: haya ni malipo ya awali ya matibabu, madai mengine yanaendelea. Anayetoa kwa moyo safi hatakataa sentensi hiyo. Akikataa, mmeshajua alichokuja kutafuta.

Matibabu yakifika mwisho na ripoti ya daktari ikiwa mkononi, andikeni kwa barua dai lenye mchanganuo: matibabu yaliyopita, yanayokuja, kipato kilichopotea, kitakachopotea, maumivu na ulemavu. Kampuni ikijibu kwa kiasi kidogo, nayo itoe mchanganuo wake kwa maandishi: imekata nini, na kwa sababu gani. Jibuni kipengele kwa kipengele. Msipatane kwa simu, wala msikubali kauli kwamba ofa inaisha leo jioni.

Wako pia vishoka wanaozunguka hospitali na vituo vya polisi wakijiita mawakili au maofisa wa fidia. Wanamsainisha mgonjwa hati ya kuwapa mamlaka ya kumwakilisha, wanapatana na bima kimyakimya, malipo yanaingia kwenye akaunti yao, na mgonjwa anapewa makombo. Jina la anayejiita wakili lihakikiwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Makubaliano ya ada yaandikwe. Malipo ya fidia yaingie kwenye akaunti ya majeruhi mwenyewe.

Aliyefariki hadai, na si kila ndugu ana haki ya kusaini kwa niaba yake. Itisheni kikao cha ukoo, mpendekeze msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama, ndipo mzungumze na bima. Mjomba aliyepokea bahasha msibani asiachwe amalize haki ya mjane na yatima.

Kusubiri mgonjwa apone kusigeuke kulala. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya tukio. Mazungumzo ya kirafiki na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo, na wako wanaozungushwa na neno njoo wiki ijayo mpaka muda umekwisha. Kama gari ni la serikali, kabla ya kufungua kesi kuna notisi ya siku 90, kwa hiyo anzeni mapema zaidi. Aliyeumia akiwa kazini afuatilie pia fidia yake WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kampuni ikiwazungusha au kuwapunja, pelekeni malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize huduma za msaada wa kisheria zinazotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inaweza kumwelekeza.

Kama una jirani aliyelazwa kwa ajali wiki hii, mfikie kabla bahasha haijamfikia. Mwambie apokee pole, apokee pesa ya dawa, na kalamu airudishe kwa aliyeileta mpaka daktari na mwanasheria waisome hati ya kumaliza madai.