Tiba ya Sonona Imepimwa Kisumu. Nani Ataifikisha Dunga?

Msomaji akiulizwa ni wapi hutafitiwa tiba ya sonona, aghalabu atataja Marekani au Ulaya, na hatakuwa amepotoka, kwani ni katika hospitali ya Sea View ya New York, mwaka 1952, ambamo wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa ya iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko matabibu wao walivyotazamia, na ni Marekani hiyo hiyo iliyoidhinisha, Machi 2019, esketamini ya kupuliza puani, ndugu wa ile ketamini ambayo hospitali zetu zimeitumia miaka mingi kuwatia usingizi wagonjwa wa upasuaji bila ya mtu kudhani kuwa ina uhusiano wowote na huzuni. Lakini mwenye insafu angetaja na Kisumu.

Katika mji huu wanawake 256 wenye virusi vya Ukimwi, ambao juu ya maradhi hayo walikuwa wamepatwa na dhuluma ya kijinsia, waligawanywa kwa kura mafungu mawili: la kwanza likaendelea na matunzo ya kawaida ya kliniki, la pili likaongezewa mazungumzo ya faragha, mara moja kwa juma kwa majuma 12, na mtu ambaye si daktari wa akili wala mwanasaikolojia, bali mwenyeji aliyefunzwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, nayo yalionyesha kuwa baada ya miezi mitatu sonona ilikuwa imepungua zaidi katika fungu la pili. Aidha, katika Hospitali ya Kaunti ya Kisumu, Muthoni Mathai wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Susan Meffert wa Chuo Kikuu cha California wakaanzisha utafiti mkubwa zaidi wa kulinganisha mazungumzo hayo na vidonge vya fluoksetini.

Mazungumzo yenyewe hayana uganga. Msikilizaji na mgonjwa hutafuta pamoja ni lipi kati ya mambo manne lililoshikamana na ugonjwa: msiba, ugomvi, mageuzi ya maisha au upweke. Wakiisha kulijua, hulishughulikia hilo. Sasa nenda Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, asubuhi, wakati mashua za dagaa waitwao omena zinaporejea na akina mama wamekwisha kupanga mabeseni yao ufukoni, uone kama kuna hata moja kati ya hayo manne lisilokuwapo. Yuko mjane ambaye ziwa halikumrudishia mume. Yuko anayezozana na mvuvi asiyemuuzia samaki mpaka ampe na mwili wake, desturi mbaya iitwayo jaboya. Yuko ambaye maji yalipofura mwaka 2020 yalimhamisha. Na yuko mmoja, aliyekuwa hodari wa kugombea bei, ambaye siku hizi hupokea bei yoyote anayotajiwa, na omena wake wamelala juu ya wavu tangu jana bila ya kugeuzwa, hata upande wa chini umeanza kunuka. Majirani husema ana mawazo, na wakiisha kusema hivyo huona wametimiza wajibu.

Wengine humpeleka kwenye maombi, au kwa ajuoga, mganga wa Kijaluo, au humnunulia mizizi ya kuchemsha. Mimi si katika wanaoyacheka hayo. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kuwa iko huzuni yenye sababu ijulikanayo na iko isiyojulikana sababu yake, akazitafutia kila moja dawa, naye hakuutenga mwili na nafsi. Huko Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wamewafunza waganga wa jadi na viongozi wa dini kuitambua sonona na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini, na hiyo ni busara, kwani mgonjwa huwafikia hao kabla ya daktari.

Ila mizani iwe moja kwa wote. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka nchini Uganda, yalijaribiwa mazungumzo ya namna hii kwa makundi: waliohudhuria, sonona ilishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, wasiopewa kitu, ilishuka kutoka 94 hadi 54.7. Hesabu ya pili ndiyo ya kutazamwa na kila mwenye kutoa ushuhuda, awe mchungaji, mganga au muuza vidonge, kwa sababu yaonyesha kuwa wako wengi ambao wangepata nafuu hata bila yeye. Na mitishamba si salama kwa kuwa ni mitishamba: ule mmea wa Ulaya uitwao St John's wort, unaouzwa kuwa dawa ya huzuni, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za Ukimwi, na katika kaunti ambayo maelfu wanazitumia dawa hizo, jambo hilo si dogo. Mazoezi ya viungo nayo yamethibitika kusaidia. Lakini kumshauri aliyebeba beseni tangu alfajiri kwamba aende akatembee kidogo ni kejeli.

Tulichopungukiwa, basi, si maarifa, bali mtu aliyefunzwa kuyafikisha. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari, na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Mhudumu huyo huingia nyumba za Dunga, hujua nani amefiwa na nani amehama, lakini vipimo vile vya shinikizo na sukari havimwonyeshi huzuni. Na afunzwe mazungumzo haya, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa makundi mwaka 2016. Awe na msimamizi wa kumrejea panapomshinda, hasa mgonjwa anapotaja kujiua. Na aongezwe malipo, kwani shilingi 5,000 hazitoshi hata kazi aliyo nayo. Fedha za watafiti hukoma mkataba unapokoma, kwa hiyo haya ni ya bajeti ya kaunti. Jengo jipya halihitajiki. Chahitajika chumba chenye mlango unaofungwa, kwa maana siri ya mama wa Dunga ikisikika mara moja penye mizani ya samaki, juma la pili hatakuja.